Kabla ya Kusema "Ugonjwa Wake Umerudi", Uliza Yaliyompata

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa mitaa, viongozi wa dini na familia, katika kuadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, 2025.

   

Mimi si daktari. Daktari atazungumza baada yangu, na maswali ya dawa yote mtamwachia yeye. Kazi yangu ni kuandika na kutangaza habari za kaunti. Nimeomba nafasi hii kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa mmoja wa watu waliowaletea matangazo ya korona. Zile sauti za vipaza sauti juu ya gari, yale mabango sokoni, zile jumbe za simu: mengine niliyaandika kwa mkono wangu. Leo nataka kuzungumzia watu ambao hatukuwafikiria tulipokuwa tukiandika.

Tukumbushane kidogo. Machi 13, 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku chache baadaye shule zilifungwa. Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo wengi wetu tuliona au tulisikia yaliyotokea kivukoni Likoni, watu wakikimbia gesi ya machozi kabla jua halijatua. Aprili 8 kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa kukapigwa marufuku. Hoteli za Diani zilikuwa zimefunga milango. Misikiti na makanisa yalifungwa. Mazishi yakawa ya watu wasiozidi 15. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021, baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Sisi tulio wazima tuliyapitia hayo kwa shida. Sasa mfikirie mtu ambaye tayari alikuwa akiishi na ugonjwa wa akili.

Hofu iliyothibitishwa na redio

Mfikirie mtu mwenye maradhi ya wasiwasi, yule anayerudia udhu mara kumi na bado anahisi hajatakasika. Miaka yote familia na wahudumu wamekuwa wakimwambia, "Inatosha, mikono yako ni safi." Halafu siku moja serikali nzima inamwambia nawa, nawa tena, na ukigusa mlango nawa. Alichoambiwa ni maradhi kimekuwa amri.

Mfikirie mtu mwenye skizofrenia, ambaye ugonjwa ukimzidi huamini kwamba kuna watu wanaomfuata wamdhuru. Daktari alikuwa akimtuliza: hakuna anayekufuata. Mara usiku barabarani kuna doria, na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni wanaingia nyumba ya jirani na kumchukua mtu. Nani sasa atamwambia hofu yake haina msingi?

Mfikirie mama mwenye unyogovu, ambaye dawa yake kubwa pamoja na vidonge ilikuwa kile kikundi chake cha akina mama cha Jumatano. Tukamwambia akae nyumbani peke yake. Wafikirie pia vijana walio kwenye matibabu ya methadoni, ambao walipaswa kufika kituoni kila siku, wakati magari yamepungua na nauli imepanda.

Haya hayakuwa kwetu pekee. Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, magonjwa ya wasiwasi na unyogovu yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Shirika hilo lilipoziuliza nchi 130 mwaka 2020, asilimia 93 zilisema huduma zao za afya ya akili zilikatizwa au kuvurugika. Yaani mahitaji yalipanda wakati ule ule mlango ulipofungwa. Hapa Kenya, jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Lakini takwimu hazilii, wala hazikosi usingizi. Niruhusuni niwaeleze ya nyumbani kwetu.

Fundi aliyeshona barakoa

Nina mjomba ambaye ni fundi cherehani. Amenipa ruhusa nisimulie, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. Tangu ujana wake anaishi na ugonjwa wa akili. Kwa miaka mingi alikuwa ametulia. Alidungwa sindano moja kila mwezi, na kliniki yake ilikuwa ng'ambo, Mombasa, kwa sababu faili lake lilikuwa huko tangu mwanzo. Alivuka, akadungwa, akarudi, akaendelea kushona. Watoto wengi mtaani walivaa sare zake za shule bila wazazi kujua kwamba ni mgonjwa.

Aprili 2020 hakuvuka. Matatu hazikupita mpakani, naye hakujua aombe kibali kwa nani. Nami ninayeandika matangazo ya kaunti sikujua nimwambie nini, kwa sababu hakuna tangazo tulilokuwa tumeliandika kwa mtu kama yeye. Mei hakuvuka. Juni, Kwale ilifunguliwa lakini Mombasa ilibaki imefungwa hadi Julai 7. Miezi mitatu bila sindano.

Katika wiki za kwanza alikuwa akishona barakoa usiku na mchana. Sote tulifurahi, tukasema amepata kazi. Hatukuona kwamba halali. Baadaye akaanza kusema barakoa hazitoshi, kwamba watu watakufa kwa sababu yake yeye asiposhona. Usiku mmoja alitoka saa nne akiwa na mfuko wa barakoa mkononi, akagonge milango agawe. Alikutana na doria. Alirudi alfajiri na alama mgongoni, na mfuko haupo.

Ramadhani hiyo nyanya yangu, mama yake mjomba, alifariki. Hakufa kwa korona, lakini siku zile kila kifo kilitazamwa kwa hofu. Tulizika haraka, watu wachache. Majirani waliomsitiri miaka yote walisimama mbali barabarani. Na mjomba hatukumwambia. Tulikaa kikao cha familia kwenye simu, tukaamua kwamba hali yake haimruhusu, kwamba atavuruga mazishi. Nilikuwemo katika kikao hicho, na nilikubali. Alikuja kuambiwa na mtoto mdogo wiki tatu baadaye, akicheza tu.

Julai alirudi kliniki, sindano ikarudi, sauti zikanyamaza. Sisi tukasema alhamdulillahi, yamepita.

Hayakupita. Miaka ikaenda, na mjomba akawa na mambo mapya. Ikifika saa kumi na moja na nusu jioni anafunga kibanda, hata kama mteja amesimama mlangoni. Anakaa nyuma ya mlango uliokomewa mpaka asubuhi. King'ora cha ambulensi kikilia, mikono inamtetemeka hadi anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Njia ya makaburini hapiti, anazunguka mbali. Usiku anazinduka akipiga kelele.

Sisi tulisema nini? Tulisema, "Ugonjwa wake umerudi." Tulimpeleka tukaeleza hivyo, naye akaongezewa dawa. Akawa analala mchana kutwa, lakini ikifika saa kumi na moja na nusu alikuwa anaamka, anakwenda kukoma mlango.

Ilikuja kuwa muuguzi mmoja, mgeni katika kliniki ile, aliyemuuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeuliza kwa miaka minne. Alimwambia, "Baba, wakati wa korona wewe ulikuwa wapi? Yalikupata yapi?" Mjomba alizungumza kwa saa nzima. Alieleza doria. Alieleza mama yake. Kafyu ilikuwa ikianza saa moja jioni, na mjomba alikuwa bado anajipa muda wa kutosha kufika nyumbani salama.

Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia haya, aliniambia: "Waambie ule haukuwa wazimu. Nilikuwa naogopa, kama nyinyi."

Kiwewe ni nini, na tutakitambuaje?

Alichokuwa nacho mjomba kina jina: kiwewe. Ni jeraha linalobaki ndani ya mtu baada ya tukio la kutisha, kama kupigwa, kushuhudia kifo, kutengwa kwa nguvu, au kufiwa bila kuaga. Linaweza kumpata mtu yeyote. Mwenye ugonjwa wa akili hakingwi nalo kwa sababu tayari ana ugonjwa mwingine. Mtu mwenye kisukari anaweza kuvunjika mguu, na hakuna daktari atakayeutibu mguu kwa kumwongezea dawa ya sukari.

Dalili zake ni hizi, na zikidumu zaidi ya mwezi mmoja zinahitaji mhudumu wa afya:

Kwanza, tukio linamrudia. Anapata jinamizi, au jambo dogo kama harufu ya dawa ya kuua viini linamrejesha siku ile kana kwamba ni leo.

Pili, anakwepa. Hapiti mahali fulani, hataki kutajiwa mtu fulani, na wengine hawaendi kliniki kabisa kwa sababu ndiko walikotishika.

Tatu, yuko macho kila wakati. Anashtuka, anakasirika upesi, usingizi unakatika.

Nne, anakufa ganzi. Haonyeshi furaha wala huzuni, anajitenga, anajilaumu kwa yaliyotokea.

Mtaona kwamba dalili hizi zinafanana na zile za magonjwa mengine ya akili. Ndiyo maana ni rahisi kwetu kusema ni yale yale ya zamani. Wakati mwingine ni yale yale kweli. Wakati mwingine ni jeraha jipya, na mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Mimi na wewe hatuwezi kutenganisha. Mhudumu aliyesomea anaweza, lakini atahitaji tumpelekee habari kamili. Ukifika kliniki na kusema tu "amerudia," umemfungia daktari mlango mmoja. Mwambie pia alikosa dawa miezi mingapi, nani alifariki, nini kilimpata usiku gani, na tangu lini amebadilika.

Tufanye nini nyumbani?

Uliza, kisha sikiliza. Swali lenyewe ni jepesi: "Wakati wa korona mambo yalikuendaje?" Akitaka kusimulia, mpe muda. Asipotaka, usimlazimishe. Kumshurutisha mtu arudie tukio lililomuumiza kunaweza kumwongezea maumivu. Mwambie tu kwamba siku akiwa tayari upo.

Usimwambie "hiyo korona iliisha." Yeye anajua iliisha. Mwili wake ndio bado haujajua.

Angalia dawa. Wapo waliokosa kliniki mwaka 2020 na hawakurudi hadi leo. Wengine waliona aibu, wengine waligombezwa, wengine faili zilipotea. Wahudumu wa afya ya jamii, hapa nawaomba kwa jina la kazi yenu: mnapopita nyumba kwa nyumba mkipima presha, ulizeni kama kuna mtu aliyekuwa akitumia dawa za akili au za kifafa na akaacha. Mtu huyo arudishwe bila lawama. Na anayetumia dawa sasa asiziache ghafla wala kupunguza mwenyewe kwa sababu amesikia hotuba hii. Azungumze na anayemtibu.

Mrudishieni haki ya kuomboleza. Wengi walizika kwa haraka mwaka ule, na wenye maradhi ya akili ndio waliofichwa zaidi. Sisi tulimwomba mjomba radhi. Kisha tukakusanyika tukamsomea nyanya hitima, kwa kuchelewa kwa miaka minne, naye mjomba ndiye aliyetangulia kwenda kaburini. Kwa Wakristo ibada ya kumbukumbu inaweza kufanya kazi hiyo. Viongozi wetu wa dini, jambo hili liko mikononi mwenu, na halihitaji bajeti ya kaunti.

Kumfunga mtu kamba, kumfungia chumbani au kumpiga ni kumwongezea kiwewe kingine. Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kulindwa dhidi ya unyanyasaji na ya kushirikishwa katika matibabu yake. Sheria hiyo pia inatupa sisi serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Mkiona hatutoi, mna haki ya kutuuliza.

Na la mwisho, lizungumzwe bila kuogopa. Mtu akisema amechoka na maisha, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mimea, kisha umfikishe kituo cha afya. Kuna familia zilizokuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi. Jueni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mpelekeni akatibiwe.

Deni la ofisi yangu

Nimewaambia yenu, sasa niseme yetu. Mwaka 2020 tulitangaza idadi ya waliofariki kila siku. Tuliwaambia watu wakae nyumbani. Matangazo hayo yaliokoa maisha, na sisemi tusingeyatoa. Lakini hatukuandika mstari mmoja uliosema: wewe unayechomwa sindano ya kila mwezi ng'ambo, dawa yako sasa utaipata hapa, na ukisimamishwa njiani onyesha kadi yako ya kliniki. Mstari mmoja kama huo ungemfikia mjomba. Pengine tungelazimika kwanza kuhakikisha kwamba dawa hiyo ipo, na huo ndio ungekuwa uzuri wake.

Dharura nyingine zitakuja. Tumeshaona mafuriko ya mwaka 2023, na mwaka 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox mpakani Taveta, hapa hapa Pwani. Kwa hiyo sasa kila tangazo la dharura linalopita mezani kwangu naliuliza maswali matatu kabla halijatoka. Linamwambia mwenye ugonjwa wa kudumu dawa ataipata wapi? Linampa mtu namba ya kupiga akizidiwa na hofu? Na linaeleza hatari bila kumtisha asiye na uwezo wa kufanya lolote saa hiyo? Mkiona tangazo letu limekosa hayo, njooni ofisini mnikumbushe.

Mjomba hajapona kabisa. Anaendelea na sindano yake, na sasa anazungumza na yule muuguzi mara moja kwa mwezi. Dawa ilipunguzwa na daktari, halali tena mchana. Kibanda bado anakifunga mapema, ila si saa kumi na moja na nusu. Wiki iliyopita nilipita saa mbili usiku nikamkuta taa inawaka, cherehani inakwenda, anamalizia suruali ya mteja. Sikusema kitu. Niliketi kwenye benchi nikamngoja, tukarudi nyumbani pamoja, kwa miguu, usiku, bila haraka.

Kila mmoja wenu ana mtu wake kama huyo, nyumbani au jirani. Mkitoka hapa leo, nendeni mkamuulize.



Ukihitaji msaada: fika kituo cha afya kilicho karibu nawe au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Kwa simu, bila malipo: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, msaada kwa watoto, 116, waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, 1195.